Mtafiti wa mila ameuliza kwa nini mwanangu hana jina la ukoo

Admin, nifiche kabisa, huku Bulumbi kila mtu ana simu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, watoto watatu, nauza mitumba soko la Busia upande wa Uganda. Mnisome mpaka mwisho ndiyo mnitukane, maana najua mtanitukana.

Kwetu kuna msichana wa chuo, Mkenya, nimwite Doreen. Anasomea mila za watu, na eti ili azijue lazima aishi nao. Mume wangu akamkaribisha. Huu mwezi wa tano anapalilia mihogo na sisi, anakula tunachokula, na kila kitu anaandika. Ukikohoa, anaandika. Mimi tangu mwanzo sikuyapenda macho yake. Mtu gani anakuja kwa watu kuuliza nani alimzaa nani?

Juma lililopita akaenda kuoga, daftari kaacha wazi. Nikachungulia. Ndiyo, nilichungulia, kwani yeye si anatuchungulia kila siku? Nikakuta kachora ukoo wetu wote. Kila mtoto kaandikiwa jina la kanisa na jina la marehemu wa ukoo alilorithi, ndiyo desturi yetu. Kwa kitindamimba wangu Isaka, miaka sita, jina la pili hakuna. Kuna alama ya kuuliza, imezungushiwa wino mwekundu.

Jamani, Isaka si wa mume wangu. Mume ni dereva wa lori la Juba, mwaka ule alikaa miezi bila hata simu, nami nikateleza na mtu wa Malaba. Aliporudi, miezi ikakaribiana, akaamini ni wake, akampenda mtoto. Lakini jina la marehemu niliogopa. Tangu utotoni nasikia wafu hawakubali kuitwa kwa damu isiyo yao, mtoto anaugua. Nikasema tumeokoka, Isaka inatosha. Miaka sita hakuna aliyeuliza.

Sasa nani kamwambia Doreen? Mawazo yakaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, maana hao wawili kutwa wako jikoni wanamenya karanga na kunong'ona. Nikamfuata hukohuko kwa hasira.

"Mama, kama una neno juu ya Isaka ungeniambia mimi, si kumpa mgeni aandike kwamba si wa mwanao!"

Akaacha karanga.

"Mama Brenda, mimi nilimweleza Doreen tunavyoanika wimbi. Hilo la Isaka nalisikia kwako."

Doreen naye nilipombana akashangaa. "Dada, niliweka alama kwa sababu boma zima ni yeye tu hana jina la ukoo. Nitamuuliza Baba Brenda akirudi Jumapili." Kumbe hakuna aliyenisema. Nimejisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaita uani, "Wandera! Njoo unywe uji!" Wandera ni jina la marehemu baba mkwe. Isaka hata hakugeuka, hakujua anaitwa yeye. Mama mkwe akamwambia Doreen, "Andika hilo. Nimempa mimi." Doreen akaandika, kisha akaniangalia mimi.

Tangu siku hiyo mama mkwe hajagusia neno. Ananisitiri au ananitega? Anamuita mtoto Wandera mara kumi kwa siku, nami kila mara namgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jana Isaka ameamka na homa. Kliniki wamesema malaria, dawa anakunywa, lakini usingizi sina. Naandika hapa mama mkwe amekaa pembeni ya kitanda anamkanda kwa kitambaa, anamwita, "Wandera, Wandera." Na leo, kwa mara ya kwanza, mtoto ameitika.

Mume anarudi Jumapili. Nikisema ukweli, jina litaondolewa, nami nitafukuzwa na mwanangu bila hata kipande cha shamba. Nikinyamaza, na homa isiposhuka? Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni kabla ya Jumapili.