Meli Iliyopakwa Grisi

Kwa nini sare yangu ya shule ilishonwa Muyinga, wakati tuliishi Gitega na mafundi walijaa hadi nje ya soko letu? Nilimuuliza baba kila mwaka. Alijibu, "We mtoto, panda gari." Hata leo, nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, narudi katika kibanda cha fundi Yusufu, ambaye baba hakukosa kumwambia, "Iko inalia hii. Acha mi niitie mafuta."

"Mteja gani huyu anamhudumia fundi?" Yusufu alicheka, akampisha. Baba alitia mafuta tundu kwa tundu, akifuta yaliyochuruzika kwa ncha ya kidole.

Nilipofaulu darasa la sita alinipeleka Kigoma kuliona ziwa Tanganyika. Nawaambia ukweli, mnara wa taa wa kuongozea meli ulinivunja moyo: ulikuwa mfupi kuliko mnara wa msikiti wetu, na mchana haukuwaka. Mvua nyembamba ilinyesha, ziwa lina rangi ya sufuria kuukuu. Kijana aliyetutembeza akatuonyesha meli ya zamani ya Wajerumani. Vita vilipowazidi, alisema, waliipaka mitambo yake grisi nene kisha wakaizamisha wenyewe, ili adui asiipate, nao wakirudi waikute nzima.

"Nani anapaka mafuta kitu anachokizamisha?" niliuliza kwa sauti. Wageni wengine wakacheka.

Baba hakucheka. "Waliporudi waliikuta, ndugu?"

"Hawakurudi, mzee. Waliiopoa wengine. Na mitambo ikazunguka."

"Ikazunguka," baba alisema. Akaenda kusimama peke yake kwenye mvua mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Nilidhani ubishi wangu umemwaibisha. Sikuuliza swali lingine siku ile nzima, jambo ambalo halijatokea tena maishani mwangu.

Nilikuwa chuo kikuu, na baba tumeshamzika, shangazi aliponisimulia. Kabla ya vita vya kwetu baba alikuwa fundi cherehani Muyinga. Usiku wa kukimbilia Tanzania aliipaka cherehani yake mawese, akaifunga gunia, akaifukia nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuta shimo. Baadaye aliiona sokoni kwa Yusufu, aliyeinunua bila kujua lolote. Baba aliitambua kwa tundu alilotoboa mwenyewe kwenye kitako chake cha mbao. Hakudai kitu. Aliagiza sare yangu ya kwanza.