Bawabu na Tarehe Zilizopita

Ofisini tunamwita Bawabu, na jina hilo analipenda. Yeye ndiye aliyeandika kanuni za mfumo wa wagonjwa wa hospitali: namba ya simu isiyotimia irudi ilikotoka, jina tupu lirudi, na miadi ya daktari isiandikwe kwa tarehe iliyopita. "Takataka haipiti hapa," husema, kifua mbele. Mimi ninayekaa meza inayotazamana na yake nimeshachoka kumsikia.

Basi manesi wakaanza kulalamika. Wanabadilisha namba ya simu ya mgonjwa, wanabonyeza kitufe cha kuhifadhi, wakirudi wanaikuta ile ya zamani palepale.

"Wanasahau kubonyeza hao," Bawabu akasema bila kuinua macho. Akaendesha majaribio yake ya mfumo kwa wagonjwa wa kubuni, yote yakapita, akacheka. Nilikasirika, maana nesi mkuu alikuwa amepiga simu nusura alie, lakini nani angebishana na Bawabu?

Jana asubuhi alikuja macho yamemvimba. Shangazi yake, aliyemlea tangu akitambaa, anasubiri kitanda cha upasuaji hospitali hiyohiyo. Alipoulizia, nesi mkuu alimjibu: "Dada, tulimpigia mpaka tukachoka. Hapatikani. Kitanda tumempa mwingine." Namba waliyoipiga ni ya laini iliyopotea. Mpya shangazi aliwapa kwa mdomo wake.

Bawabu akafungua rekodi ya shangazi, akaandika namba mpya, akabonyeza. Skrini kimya. Alipofungua tena, namba ilikuwa ileile ya zamani. Akasawajika.

Nilisogeza kiti tukapekua pamoja. Kanuni zake hazikukagua miadi mipya tu. Zilikagua rekodi nzima kila ilipoguswa. Mgonjwa akishamwona daktari, kama shangazi, tarehe ya miadi yake imepita, na tangu hapo mfumo unakataa hata namba ya simu. Tena unakataa kimyakimya, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwonyesha nesi ujumbe wowote. Na majaribio? Wagonjwa wote aliowabuni walikuwa na miadi ya kesho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuifikia kesho hiyo.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: kagua tarehe pale tu inapobadilishwa. Alikosea kuuandika mara kadhaa, na hasira zangu zote zikaisha. Nilimwonea huruma sana.

Simu yake ikaita. Akaipokea kwa spika, mikono ikiwa bado juu ya kibodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Bado hawajanipigia, ila sina wasiwasi. Jirani ananiambia niende nikawakumbushe, nikamwambia wee, mashine ile kaitengeneza mwanangu, haiwezi kunisahau."

Bawabu akafumba macho.

"Walikupigia, shangazi," akasema. "Namba yako mpya niliikataa mimi."