Marigu Wawili na Floksi ya Haibridi

Hii aibu nimeikalia muda mrefu, na ningeenda nayo kaburini kama si kwamba watu wa Kianjokoma wanaisimulia vibaya, mmoja anasema nilishikwa na polisi, mwingine anasema nilizimia, na mimi sijazimia tangu nizaliwe, hata siku ya kuzaa mapacha. Heri niiseme mwenyewe, kwa sababu mwizi nilikuwa mimi na hakuna anayeujua wizi wangu kunishinda.

Mimi naitwa Marigu. Mjukuu wangu, binti wa kwanza wa kijana wangu Njeru, naye ni Marigu, kwa sababu kwetu Embu binti wa kwanza wa kijana wako anapewa jina lako, na akishapewa ni kama umezaliwa tena, ukimwita unajiita. Huyu Marigu mdogo alisomea mambo ya mimea (mimi niliishia darasa la pili, kwa mwalimu Elija) akaandikwa kazi kwa kampuni moja ya maua upande wa Meru, kule juu kwenye baridi, mahali wanakuza miche ya kupeleka ng'ambo.

Siku moja akanipeleka nione anapofanya kazi. Mkubwa wake, Bwana Murithi, Mmeru mrefu mwenye heshima zake, akanipa chai ya maziwa na mandazi mawili, halafu wakanitembeza. Ndani ya grinhausi ya mwisho, ile ya kufungwa kwa kufuli, nikaona kitu kimetambaa chini kama zulia, majani membamba kama sindano, na juu yake maua madogo ya zambarau kama nyota, yamejaa mpaka majani hayaonekani.

"Hii ni floksi, cucu," Marigu akaniambia mimi nyanya yake. "Floksi ya kutambaa, ya bustani na ya vyungu. Ni haibridi mpya, hata bado haijatoka kwa watu."

Sasa kilichoniponza ni hilo neno haibridi. Haibridi mimi naijua. Mahindi ya haibridi yalipoingia kwetu, bwana shamba wetu, Ireri wa Kathuri, alitukusanya sokoni akatuambia, "Akina mama, haibridi ni ya msimu mmoja, ukirudisha mbegu yake shambani utavuna magunzi." Nilirudisha, nikavuna magunzi. Kwa hivyo nikajiambia (ona vile mtu anajidanganya akiwa na akili zake zote) kwamba hii nayo ni haibridi, hata nikichukua kakijiti itachanua mara moja ife, itakuwa ni kama kuonja tu, na mwanamke gani wa kwetu amewahi kutembelea mwenzake akatoka bila kuvunja kijiti cha kitu? Walipogeuka kuangalia mfereji wa maji, nikakwanyua kakijiti urefu wa kidole, nikakisukuma chini ya kitambaa cha kichwa. Bwana Murithi hata alinishika mkono nisianguke nikishuka ngazi.

Nikakipanda kwa sufuria iliyotoboka, samadi ya mbuzi, mchanga wa mtoni, nikaweka penye jua la asubuhi. Nasema bila kujisifu (najisifu kidogo) kwamba mkono wangu ukigusa kitu kinashika. Msimu ukaisha na haibridi ikakataa kufa. Ikajaza sufuria, ikamwagikia pande zote, ikachanua mpaka nyuki wakahamia kwangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maneno ya Ireri yalikuwa ya mbegu tu, si ya kijiti. Kijiti kinatoka kama mama yake vile vile, haibridi au si haibridi.

Akapita Tabitha, Mama Nyaga, chealedi, yaani mwenyekiti, wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa. "Marigu! Umetoa wapi kitu kizuri hivi?" Nikasema nilipewa na mjukuu. Uwongo ulikuwa mmoja tu, na hata niliusema kwa sauti ya chini. Akaomba kijiti, na wewe utamnyima chealedi? Nikampa. Akaja Mama Mbogo, nikampa, akaja Salome, akaja mke wa pasta mwenyewe, na kufika mvua ndefu kila boma lilikuwa nayo, kwa karai, kwa debe, kwa ndoo isiyo na mkono, mpaka ndani ya tairi kuukuu za gari. Na vile sisi mbegu huiita kwa jina la aliyeileta, wakaiita Marigu. Unasikia kwa njia, "Nipatie Marigu kidogo," "Marigu yangu imechanua kushinda yako." Nilifurahi, kwa nini nifiche? Mjukuu akija Krismasi nilikuwa naisukuma sufuria nyuma ya zizi la mbuzi, na kwa vile alikuwa anakuja jioni na kuondoka asubuhi, hata za majirani hakuziona.

Halafu Marigu akapiga simu. Kampuni ina wageni kutoka ng'ambo, wanataka akina mama wa kuimba, na yeye ametaja kikundi chetu. "Na siku hiyo, cucu," akasema, na nikasikia anatabasamu, "nitatangazwa mkubwa wa grinhausi zote. Nataka wewe ukae mbele."

Nikakaa mbele kweli, chini ya hema, na viatu vyangu vya kanisa, Marigu amesimama nyuma ya kiti changu na funguo shingoni na beji yake kifuani. Akina mama wenzangu walikuwa nyuma ya hema wakingoja zamu yao. Bwana Murithi akasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba ua la leo haliko popote duniani isipokuwa hapa, na kwamba yule mama mzungu aliyekaa na wageni, Ingrid, amekuwa akilipandanisha miaka na miaka mpaka likatoka hivi. Akavuta kitambaa kilichofunika meza.

Ilikuwa Marigu yangu.

Nikakaza leso. Nikajiambia, tulia, zako ziko nyumbani, kutoka hapa mpaka Kianjokoma ni mbali, nani atajua? Na hapo hapo nikasikia sauti ya Mama Nyaga ikianzisha wimbo, na akina mama wakaingia wakicheza, sare zao za bluu, kila mmoja na kitu kichwani kimefunikwa leso. Nilidhani ni ndizi. Nilidhani ni nduma za kuchemsha. Wakafika mbele, wakatua, wakafunua wote pamoja.

"Hatuji mikono mitupu!" Mama Nyaga akapaza sauti. "Watu wa maua tumewaletea maua!"

Makarai na madebe kumi na manne, yote ya zambarau, na ya mezani ukiyatazama yalionekana kama watoto waliokosa maziwa. (Walikuwa wameyaficha kwa magunia ndani ya basi ili iwe ni furaha ya ghafla kwangu. Ghafla ilikuwa, furaha sijui.)

Bwana Murithi akashuka, akaangalia karai, akaangalia meza, akarudi kwa karai.

"Mama, hii mnaiitaje kwenu?"

"Marigu!" wakajibu wote.

"Na nani aliwapa?"

"Ni Marigu!" na vigelegele juu, na mikono yote ikanyooshwa pale mbele nilipokaa mimi, na nyuma yangu mwenye beji.

Bwana Murithi akaisoma ile beji. Kisha akanyoosha mkono. "Marigu, nipe funguo."

Mjukuu wangu akainama kwa sikio langu, akaniuliza kwa Kiembu, "Cucu, ni kweli?" na kabla sijajibu alikuwa ameshaanza kuzitoa funguo shingoni. Alikuwa amejua ni nani, na alikuwa tayari kuibeba aibu yangu.

Nikasimama.

"Bwana Murithi, rudisha mkono. Marigu tuko wawili, na mwizi ni huyu mzee. Nilivunja kijiti siku ile uliyonipa mandazi."

"Ulipitisha wapi? Mlangoni watu hukaguliwa."

"Hapa," nikagusa kitambaa cha kichwa. "Nani atakagua kichwa cha cucu?"

Waliojua Kiswahili wakacheka. Halafu mtu akawatafsiria wageni, nao wakacheka baada yao, kwa hivyo aibu yangu ilipita mara mbili, ya kwanza kwa Kiswahili na ya pili kwa Kizungu.

Bwana Murithi hakucheka. "Mama, hili ua lina mwenyewe, halipandwi bila ruhusa. Likiwa limesambaa na hatujui liko wapi, huyu mtoto hawezi kubaki na kazi. Limefika wapi?"

"Leta mtu wa kuandika."

Akaja msichana mmoja wa Kimeru, Kinya, na daftari. Nikaanza. Tabitha Mama Nyaga, karai moja na tairi moja. Salome, ndoo, na alimpelekea dadake kule Kiambere nyingine ikakauka kwa joto kabla ya wiki. Mama Mbogo, debe mbili, hiyo uliyoleta leo na nyingine nyuma ya choo.

"Wewe Marigu!" Mama Mbogo akalia. "Hata ya choo?"

"Hata ya choo."

Mke wa pasta akanong'ona, "Mimi niliambiwa ni ya kupewa."

"Uliambiwa na mimi, mama. Nilikudanganya. Andika, Kinya: dirisha la sebule na dirisha la jikoni."

Watu ishirini na sita, boma kwa boma, nani alimpa nani, bila kurudia na bila kuruka. Kinya mkono ulimchoka, mimi mdomo haukunichoka. Wakati huo Ingrid alikuwa amepiga magoti mbele ya karai la Mama Nyaga, akamwuliza Marigu kitu, na Marigu akanigeukia bila kunitazama machoni: "Anauliza mlifanyaje likachanua hivi, lao halijai."

"Mwambie samadi ya mbuzi iliyokaa miezi sita, na mchanga wa mtoni, na asimwagilie kama mpunga." Ingrid akaandika. Mwizi nilikuwa, lakini shamba nalijua.

Kesho yake pikapu ikaja Kianjokoma, Marigu ameketi mbele na ile orodha, na akina mama wakatoa madebe yao mmoja mmoja, yakang'olewa yote mbele yao. Hakuna hata moja lililokosekana. Mama Nyaga akaniambia, "Umetufanya wezi, na tukiwa ndani ya sare," na hakunisalimia mpaka mavuno.

Marigu alibaki na kazi. Ukubwa wa grinhausi akapewa Kinya. Mtoto hakunilaumu, alisema tu, "Ungeniomba, cucu, ningekuambia hapana, yaishe," na hilo ndilo linaniuma, kwa sababu mimi kuomba kwa mtu anayeweza kukataa sijawahi, naona afadhali nivunje.

Basi nimeacha. Mwezi uliopita nilikuwa kwa Mama Ngari, ana begonia moja nyekundu imeinama dirishani kama imeitwa, na vidole vyangu vikaanza kuwasha. Nikavikalia. Nikamwambia, "Mama Ngari, naomba kijiti."

"Hapana," akasema, "bado ni changa."

Nikangoja nione nitafanyika nini. Sikufanyika kitu. Nikamaliza chai yangu, nikaaga, nikaenda nyumbani, nikiwa na uzee huu wote na ndiyo kwanza nimejua kwamba kunyimwa ni kitu kidogo hivyo.