Gari Lilikunywa Kwanza

Nahashon alikuwa mtu wa mizaha. Nasema hivyo mapema kwa sababu wanaomwona sasa hawataniamini. Alitoka Kitale akaja Doha kuwa dereva wa nyumba, nyumba ileile ya Al Thumama ambako mimi, Peninah, nilikuwa namhudumia mzee mgonjwa. Siku ya kwanza tu aliingia jikoni, akaonja chai niliyompa, akaniuliza kama maziwa yamepita tu hapo karibu yakasalimia. Nikamwambia anyamaze anywe. Tukaelewana papo hapo.

Mzee tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa huku wanavyowaita wenye nyumba. Akili yake ilikuwa inaenda na kurudi. Jambo alilolipenda ni kuzungushwa na gari jioni, tufike Lusail akatazame majumba mapya, turudi. Basi jioni ile ya kwanza nikamfunga mkanda, nikakaa kando yake, Nahashon akawasha gari. Baba akasema, "Twende."

Kiswahili, jamani. Twende, safi kabisa, kama mtu wa kwetu. Nahashon akageuka akanitazama. "Dada Peni, umemfundisha wewe?" Mimi? Sikuwa nimemfundisha hata salamu. Miaka yote niliyomlisha na kumwogesha sikuwahi kumsikia akitamka neno letu hata moja.

Kisha Baba akanyoosha mkono, akamgusa Nahashon begani, akamuuliza kwa Kiarabu, "Faraj, umekunywa maji?"

"Mimi naitwa Nahashon, Baba."

"Faraj, umekunywa?"

Ikawa hivyo kila safari. Tulipomuuliza mwanawe, Bwana Jassim, alitujibu huku akitazama simu kwamba Faraj alikuwa dereva wa babu yake, alikufa zamani, tusijali. Ah, asingesema! Nahashon alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na sheria moja ambayo hata kanisa halikuiondoa: ukiitwa kwa jina la marehemu, usiitike, maana ukiitika umekubali kuwa yeye. Nilimcheka. Nikamwambia mtu mzima, tena wa kwaya, anaogopa jina?

"Naogopa," akasema. "Na sioni haya."

Sasa kulikuwa na gari jingine pale uani. Lori dogo la zamani, gari la kwanza la ukoo huo, limepakwa rangi upya na kujengewa kibanda cha vioo. Wageni wakija hupiga picha nalo. Baba hakuwahi kulitazama. Akitembezwa uani alipita mbali nalo, akigeuzia uso ukutani. Lakini kila Ijumaa alimwamuru Nahashon alijaze maji kwenye rejeta. Gari lisilowashwa, la maonyesho, linajazwa maji! Nahashon alijaza. Na kila Ijumaa alikuta rejeta kavu.

"Imetoboka, wewe," nikamwambia.

"Ingetoboka, sakafu ingelowa. Njoo uguse."

Niligusa. Vigae vilikuwa vikavu, vina vumbi. Tangu siku hiyo sikupita karibu na kile kibanda nikiwa peke yangu, na mizaha ya Nahashon ikaanza kupungua.

Habari ya Faraj niliipata kwa vipande, maana Baba aliisema kwa vipande, nyingine akioga, nyingine akilia. Zamani, lulu zilipokosa soko, watu wa huku walishinda njaa kabisa. Baba yake alikuwa na ngamia wa kubeba mizigo. Akawauza wote akanunua lori lile, na majirani wakasema amerukwa na akili. Haukupita muda wakanyamaza. Safari iliyowachosha ngamia siku kadhaa, lori liliimaliza kati ya asubuhi na adhuhuri, likipeleka maji na vifaa kwenye kambi ya mafuta kule magharibi. Waliokuwa na ngamia wakawachinja wakauza nyama. Waliokuwa wakiishi kwa kuchota maji kwa punda wakaenda kuomba kibarua kambini. Vijana walioambiwa watarithi vyombo vya baharini vya baba zao wakawa wanataka kitu kimoja tu, kushika usukani.

Na aliyeushika alikuwa Faraj. Mtumwa, nisiseme kwa kuzunguka. Aliibwa utotoni pwani ya kwetu, akauzwa, akazamishwa baharini kutafuta lulu mpaka masikio yakaharibika. Fundi wa kambini akamfundisha kuendesha, na ghafla watu huru waliokuwa wakimpita kama jiwe wakawa wanamwahi kwa salamu ili awape lifti. Baba alikuwa mtoto wakati huo, anakaa katikati kwenye kiti cha mbele, na kila Faraj alipowasha gari walisema pamoja: "Twende!"

Siku moja ya kiangazi lori lilichemka jangwani, limejaa matairi ya kambi. Maji yaliyobaki yalikuwa kiriba kimoja. Mwenye gari akasema gari linywe kwanza, maana bila gari wote wamekufa. Wakashusha matairi ili lori liwe jepesi. Mwenye gari akashika usukani mwenyewe, mtoto kando yake, na Faraj akaachwa kuyalinda matairi. Wakamwambia wanarudi sasa hivi.

Walifika kambini salama. Lakini wakubwa wa kambi walikuwa wanagawa kazi ya usafirishaji siku hiyo, na yule bwana akaona asipoketi nao wengine wataichukua. Akaketi. Akaipata. Mtoto alikuwa mlangoni anavuta kanzu ya babake, akifukuzwa anarudi. Waliporudi jangwani kesho yake matairi yalikuwepo yote, na Faraj amelala kwenye kivuli cha matairi, amekufa. Kazi ile ikazaa duka la spea, duka likazaa kampuni ya magari, kampuni ikazaa nyumba hii ninayoipiga deki. Nilipomaliza kumsimulia Nahashon, alienda bombani akanywa, akanywa, kama mtu aliyetoka shamba.

Mwaka jana, joto lilipokuwa kali kuliko yote, Baba aliacha kunywa maji. Alifumba mdomo tu. Nikimletea gilasi anauliza kama Faraj amekunywa, nikisema ndiyo anatikisa kichwa, anataka kuona mwenyewe. Midomo ikapasuka. Akili ikazidi kupotea. Daktari akasema ikifika kesho hajanywa, atalazwa atiwe mipira, na kwa umri ule hakuna atakayeahidi kwamba atatoka. Bwana Jassim akamwita Nahashon. Mazungumzo yalikuwa mafupi: itika, au nitafute dereva mwingine.

Na mimi pia, Mungu anajua, nilimkaripia. "Mtu anakufa na kiu mbele yako kwa sababu ya maneno ya bibi yako!"

"Peni," akasema, na sauti yake haikuwa ya mizaha hata kidogo, "wewe hujasikia anavyoniita nikiwa peke yangu garini na yeye yuko ndani kitandani."

Lakini baada ya sala ya alasiri alikuja mwenyewe, ameoga, amevaa shati jeupe. Akaniomba nimtoe Baba uani, pale kwenye lori. Nikasukuma kiti cha magurudumu mpaka kwenye vioo. Safari hii Baba hakugeuza uso.

"Faraj," akaita. Sauti ilikuwa imekauka kama karatasi.

Nahashon akafumba macho. "Naam," akasema. "Nipo."

Nikampa gilasi. Akanywa yote, polepole, mzee akilitazama koo lake likipanda na kushuka. Nilidhani yameisha. Kisha Baba akauliza, "Ulitungoja sana?"

Tulikuwa tumekubaliana mapema jibu la swali kama hilo. Aseme hapana, Baba, kidogo tu, nilipata usingizi. Lilikuwa jibu zuri, la kumtuliza mzee.

"Sana," Nahashon akasema. "Nilingoja sana."

Nilitaka kumzaba kofi. Baba akalia, akilalamika kwamba alimvuta baba yake kanzu, alimvuta, alimvuta. Nahashon akapiga magoti akamshika mikono. Halafu mzee akanyamaza, akanielekea mimi, akaomba maji. Akanywa gilasi mbili.

Ijumaa iliyofuata rejeta ilikuwa imejaa. Baba aliishi mpaka baridi ilipoanza, akafa usingizini, na hakumwita Faraj tena. Ila Nahashon ndiye aliyebaki na Faraj. Tukiwa sokoni Al Sadd, mtu akiita jina hilo nyuma yetu, yeye ndiye aliyekuwa akigeuka.

Alipopata likizo hakwenda Kitale moja kwa moja. Alishuka Mombasa, akazunguka mitaa ya zamani akiuliza habari za ukoo uliopotelewa na mtoto Uarabuni, akiitwa Faraj, ili angalau mtu wa kwao ajue amekufa wapi na amekufaje. Alinitumia ujumbe wa sauti. Kwamba watu walimhurumia, wengine wakamwona chizi. Kwamba mama mmoja muuza mahamri alimkalisha kwenye kibao chake, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali.

"Faraj ni jina walilompa huko, mwanangu. Hapa kwetu mama yake alimwita nani?"

Ujumbe uliendelea muda mrefu bila sauti yake, nikisikia tu mafuta yakichemka na watu wakipita. Nahashon alikuwa hajui. Na Baba, ambaye huenda alijua, tulikuwa tumeshamzika.