Macho ya Mkanda

Mdogo wangu ni fundi saa. Kwa miaka thelathini na minane ameketi kwenye meza ile ile, na ile lenzi nyeusi ya ufundi imemkaa jichoni mpaka imemwachia alama ya duara. Mtaani wanamwita Sekunde, naye huitika. Marehemu baba alimrithisha kazi hiyo kwa maneno matatu: "Maji ni adui." Tone likiingia ndani ya saa linaleta kutu, na saa ikishaota kutu, imekwisha.

Baadaye watu wakaanza kutazama wakati kwenye simu. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, kwa hiyo nilikuwa namwona akifagia mara tatu kwa siku pasipo na uchafu wowote. Maneno yakampungua. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Nikawa namwombea. Nilimwomba Mungu amletee wateja, Mungu akamletea nyoka.

Aliyekuja naye ni mwalimu wa sayansi, mteja wa siku nyingi, aliyekuwa anahamia nchi nyingine na hakuwa na wa kumwachia. Nyoka mwenyewe ni wa kahawia, mwembamba, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Hana sumu, na alizaliwa ndani ya sanduku la kioo, pori hajawahi kuliona. Sekunde alimtazama kwa lenzi, akaona vigamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akasema hata mkanda wa saa ya tajiri haujashonwa hivi. Jina likapatikana hapo hapo: Mkanda.

Mke wake, wifi yangu, alishika kiuno. "Na huyo mgeni anakula nini?"

"Panya. Mara moja kwa siku kumi."

"Basi ana nafuu kuliko wewe."

Mimi nyoka nilikuwa nawajua kwa kuwasoma katika maandiko tu, na habari zao si njema. Nilikuwa namwangalia kwa mbali huku nikisali kimoyomoyo. Lakini niliona pia mdogo wangu anavyobadilika. Alikuwa anaamka mapema kupima kwa kipimajoto joto la kabati la kioo alimomweka, maana nyoka hana joto lake mwenyewe. Upande mmoja anawekewa taa ya kumpasha, upande wa pili unaachwa baridi, achague mwenyewe. Alimwekea gome la mti la kujifichia, kwa kuwa nyoka asiye na maficho huishi kwa hofu. Akishamlisha, hamshiki kwa siku mbili, asije akatapika. Na kila akimshika ananawa mikono, kabla na baada. Wapita njia wakaanza kuingia kutazama, naye akaanza kuongea tena. Hata kinyozi wa jirani alikuwa anakuja na kusema, "Fundi, mteja wako huyu hana mkono, saa utamvalisha wapi?" Mdogo wangu akawa anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia miaka miwili.

Kufuga nyoka kunataka kibali. Alipokiomba, alikuja mama mmoja daktari wa wanyama, mpole lakini asiye na mchezo. Akamtoa Mkanda, akamgeuza kwenye mwanga, akakunja uso. Macho ya nyoka yalikuwa na ukungu, kama vioo vilivyopumuliwa.

"Amejivua gamba mara ngapi tangu uwe naye?"

"Mara mbili. Zote lilitoka vipande vipande."

"Fundi, nyoka huyu haoni, na amekonda. Siwezi kukuandikia kibali cha mnyama anayeteseka. Nitarudi baada ya wiki sita. Nikiyakuta macho hivi hivi, namchukua."

"Unampeleka wapi, daktari?"

Akafunga mkoba wake taratibu. "Hatutamwacha aumie," akasema.

Tulielewa sote. Wifi yangu, aliyekuwa hataki hata kumsikia huyo nyoka, aliingia jikoni akaosha upya masufuria safi.

Mchana huo mdogo wangu alivaa lenzi, akamlaza Mkanda kwenye meza ya kazi juu ya kitambaa cheupe. Alimkagua muda mrefu.

"Dada, njoo uone. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kinachopitisha mwanga, sawasawa na kioo cha saa. Akijivua gamba, na hicho hutoka. Cha huyu hakikutoka. Naona ukingo wake, ule pale."

Akachukua kibano chake chembamba, kile anachonyanyulia skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Mkono wake hautetemeki, unajulikana mtaa mzima. Ncha ya kibano ilifika karibu na jicho. Mkanda akarudisha kichwa nyuma, na mdogo wangu akasimama hivyo hivyo, mkono hewani. Kisha akakiweka kibano chini.

"Saa nikiiharibu nitatafuta kipuri," alisema. "Jicho nitalitoa wapi?"

Akampigia simu mwalimu, nasi tukisikiliza.

"Umemweka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Pazuri sana. Kwenye kabati la kioo la kuhifadhia saa. Pakavu kabisa. Na vile vifuko vyenye chembe za kunyonya unyevu nimempangia sita, pembe zote."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Fundi! Nyoka unamfuga au unamkausha kama samaki?"

Mdogo wangu hakucheka. Alikaa chini akashika kichwa. Baba alimwambia maji ni adui, naye kwa upendo wote alimkinga Mkanda na maji. Ngozi ikakauka ikawa haitoki, vioo vikabaki machoni, kimoja juu ya kingine.

"Sasa nifanye nini, mwalimu?"

"Mpe unyevu. Jicho usiliguse. Gamba lijalo likitoka vizuri litaondoka na yote."

Vile vifuko vikatupwa siku hiyo hiyo. Akaondoa kisahani kidogo cha kunywea, akaweka bakuli la maji linalotosha nyoka kujilaza. Akachukua kopo la plastiki lenye mfuniko, akatoboa mlango, akalainisha kingo zake kwa msasa, na ndani akaweka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Kila asubuhi alilibadilisha lisiote ukungu. Mtu ambaye maisha yake yote amefukuza maji kwa pamba na pumzi, sasa anayabeba kwa kikombe na kuyapeleka kabatini. Mkanda akaanza kulala humo koponi, akawa anakula na kunenepa.

Wiki ya tano mambo yakageuka. Mkanda alikataa panya, mwili ukafifia, na macho yakawa meupe kama maziwa kuliko zamani. Kinyozi alichungulia akatikisa kichwa. "Pole, jirani. Huyo safari imeiva."

"Ni gamba jipya linajitenga na la zamani," mdogo wangu alijibu. "Hapa ndipo pa kumwacha." Lakini niliona vidole vyake vinapapasa meza kuelekea kibano. Nikakichukua kile kibano nikakitia mfukoni mwa gauni langu. Alinitazama, akasema, "Asante, dada." Nikasali naye pale pale, maana hata nyoka ni kiumbe cha Mungu.

Siku aliyorudi daktari, alimkuta mdogo wangu amesimama mlangoni na sahani mkononi. Juu ya sahani lilikuwa gamba zima, toka pua hadi mkia, limepinduka kama soksi. Lilitoka alfajiri hiyo, ndani ya lile kopo.

"Vaa lenzi yangu, daktari. Tazama kwenye tundu la jicho."

Daktari akainama. "Kimoja," akahesabu. "Viwili... Vitatu! Na upande huu vitatu!"

"Viwili vya deni na kimoja cha leo."

Mkanda akatolewa. Macho meusi, yanang'aa, safi kama kioo kilichotoka kiwandani. Daktari akapitisha kalamu mbele yake kulia, kichwa kikaifuata. Akaipitisha kushoto, kikaifuata tena, na ulimi ukachomoka kuinusa.

"Anaona," daktari akasema, na tabasamu likamshinda. Kwa kalamu hiyo hiyo akatia sahihi. "Na ungejaribu kuvuta kwa kibano cha kazi yako, fundi, ungemtoboa. Kuna niliosoma nao wangevuta."

Wifi yangu alipiga kigelegele cha kutikisa vioo vya kabati. "Mwacheni shemeji yangu mwenye mkia akae kwake!" Kinyozi alitoka mbio akamwacha mteja kanyolewa nusu kichwa, akapiga kelele barabarani, "Anaona! Mkanda anaona!" na mteja akamfuata na shuka shingoni, akiuliza ni nani huyo aliyekuwa kipofu. Duka likajaa mpaka nje. Mdogo wangu, na kibali mkononi, akawa anawapanga watu mstari na kuwaambia, "Mmoja mmoja, jamani. Na mnawe mikono kwanza."