Mtaro wa Mama Mkwe

Fundi bomba mmoja watu walimbandika jina la Nyuzi, zile za joto, kwa sababu hakunywa hata chai bila kuitumbukizia kipimajoto kwanza. Kuishi na mtu wa aina hiyo ni kazi, lakini mkewe alishazoea.

Mwaka huo mama mkwe alihamia kwao, na Nyuzi akamwahidi chumba chenye joto kabla baridi haijaingia. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alicheka sana. Akasema akikuta chumba ni baridi, anamchukua mama yake siku hiyohiyo. Nyuzi alimpenda yule mama kuliko alivyothubutu kusema, na maneno yale yalimchoma.

Alikuwa ameshanunua mtambo wa kuvuta joto ardhini, kwa maji yanayozunguka ndani ya mpira uliofukiwa. Kilichobaki ni kujua mpira ulazwe vipi. Kuuliza si ujinga, lakini Nyuzi hakuwa mtu wa kuuliza. Alichimba uani mitaro miwili, kina cha kiuno. Katika mmoja akalaza mpira ulionyooka, katika wa pili akauviringisha kama springi za godoro, akawa anapima joto la maji yanayorudi kila jioni.

Wiki ya tatu, ulioviringishwa ulikuwa mbele kwa nyuzi mbili nzima. Fundi umeme, muuza vifaa, kinyozi, wote walihubiriwa, watake wasitake.

Siku moja alirudi mapema, akamkuta mama mkwe na beseni, anamwaga maji ya kufulia juu ya mtaro wa ule ulioviringishwa. Tope lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

“Mama, tangu lini?”

“Tangu ulipoufukia, baba. Niliona ndio unaoupenda. Nikasema mkwe wangu asiaibike.”

Nyuzi alikaa juu ya kifusi, hajui acheke au akasirike. Alimwomba aache, akasubiri udongo ukauke, akapima upya. Tofauti ikabaki nusu nyuzi, na ule ulioviringishwa ulikuwa umekula mpira mara mbili. Kumbe aliyeshinda ni tope. Udongo wao wa kichanga ukilowa, unapitisha joto vizuri zaidi. Basi akaunganisha mpira ulionyooka, akageuza maji ya mvua kutoka paani yaangukie mtaroni. Kinyozi hakuambiwa kitu.

Baridi ilipoingia, shemeji alikuja na gari. Alimkuta mama yake chumbani, amevua soksi. Akasema hata hivyo, kwake nafasi ipo.

“Siendi,” alisema mama. “Mvua ikikosa, nani atamwagia mkwe wangu mtaro?”

Nyuzi akatoka nje upesi, kwenda kusoma kipimajoto alichokwisha kukisoma.