Herufi Moja Kwenye Damu

Mama yangu alizaliwa Unguja, na Kiarabu chake, hata baada ya miaka mingi ya Maskati, kilikuwa cha kununulia samaki na kusalia. Ndiyo maana daktari aliposoma karatasi yangu ya damu na kusema mimi ni "hamil", mama alininyanyulia mkono mbele ya watu. Daktari alikusudia kwamba nimebeba selimundu. Mama alisikia kwamba nina mimba. Kwa Kiarabu neno ni hilo hilo, na mimi nilikuwa sijaolewa.

Nilimfafanulia kwa Kiswahili. Sina mimba, nina kasoro ya damu. Mwenyewe siumwi, ila nikiolewa na aliyeibeba vilevile, watoto wetu wanaweza kuzaliwa wagonjwa. Mama alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa kasoro. Furaha hiyo ilidumu mpaka daktari alipofungua karatasi ya pili, ya mtoto wa ami yangu, mchumba wangu. Na yeye ameibeba.

Nilimpenda. Naliandika hili wazi kwa sababu wakati ule halikusemwa. Kila mtu alidhani tunaoana kwa vile baba zetu ni ndugu.

Daktari alituonea huruma, akaanza kutusomesha. Kasoro yote hii, alisema, ni herufi moja iliyokosewa kwenye jeni, na mabingwa wanajifunza kuihariri: wanakata pale pale ilipo, wanaweka iliyo sahihi. Mama alichangamka. Aliwahi kuwa karani wa kupiga taipu, na kazi hiyo aliijua.

"Herufi moja tu? Si waifute, wapige nyengine?"

Daktari akakiri kwamba mpaka wakati ule waliopona ni panya wa maabara tu.

"Alhamdulillahi," alisema mama, akichukua mkoba wake. "Panya keshapona."

Wiki zile nilisoma kila nilichokipata kwenye intaneti ya ofisini. Nikajua namna uboho unavyotolewa mfupani, chembe zake zikarekebishwa, kisha zikarudishwa mwilini. Nikirudi nyumbani nilimpigia simu mchumba wangu, kule mtaa wa Hail, nikamweleza yote kwa bidii ya dalali wa viwanja. Nikamwomba tusubiri, miaka mitano, hata kumi. Akasema atasubiri hata ishirini.

Alisubiri mpaka Ramadhani ilipokwisha. Akaoa mtaa wa Azaiba, binti aliyepimwa kwanza akaonekana hana kitu. Nilikwenda harusini, maana asiyekwenda husemwa. Jamaa yetu mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ule ugonjwa wangu unaambukiza. Nikamsomesha, kuanzia herufi mpaka panya, na kwamba hauambukizi kamwe, mtu huzaliwa nao. Alinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kukubali. Nilipomaliza, alimwita bintiye, aliyekuwa akila na mimi sinia moja, akamwambia ahamie jengine.